Muulize Afande: Nataka kuwa polisi wa kutetea waathirika, naanzia wapi?

Toleo hili barua nyingi zimekuja kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto, ile ofisi ya polisi inayopokea kesi za ukatili wa kijinsia na wa watoto, kuanzia wanaotaka kufanya kazi hapo, walioko tayari kazini na waliopita pale wakitafuta haki. Anayejibu ni askari mstaafu wa kike ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake aliitumia dawatini. Majina ya waandishi tumeyaacha.

SWALI: Shikamoo afande. Mimi ni binti nimemaliza kidato cha sita, sasa hivi niko JKT. Nataka kuingia polisi ila sio kwa ajili ya bunduki wala trafiki, nataka kuwa yule askari anayekaa na mtu aliyebakwa au mtoto aliyepigwa na kusimama naye mpaka haki yake ipatikane. Baba anasema hiyo sio kazi ya polisi, polisi anakamata wezi, na kaka zangu wanasema nitaishia kusuluhisha wanandoa. Je kazi kama hiyo ipo kweli na mtu anaingiaje? *Binti wa JKT, Kigoma*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na kwata. Kazi ipo. Madawati haya yalianza 2008, mwaka mmoja baada ya askari wanawake kuunda mtandao wao wa TPFNet, na leo yamepita 400 nchi nzima, sehemu nyingine utakuta jengo zuri la peke yake lina chumba cha mahojiano na midoli ya watoto, sehemu nyingine ni kachumba ka nyuma ya stesheni, meza moja na benchi. Mwambie baba kwa heshima kabisa kwamba kukamata ni mwanzo tu, ukishamkamata mtu inabidi uthibitishe, na kwenye kesi hizi anayethibitisha mara nyingi ni yule yule aliyeumizwa, sasa huyo akitishwa, akihamishiwa kwa bibi yake mkoa mwingine, akiishiwa nauli ya kwenda mahakamani, mtuhumiwa anaachiwa na jalada linafungwa. Lazima kuwe na askari ambaye kazi yake ni kuhakikisha hilo halitokei, na ndo hiyo kazi unayoitaka.

Kuingia sasa. Usisubiri tangazo linalosema wanahitajika askari wa dawati, halitakuja. Unaingia kama konstebo kama wengine wote, ajira zikitangazwa unaomba kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, soma masharti ya tangazo hilo hilo maana umri na elimu vinatajwa mle, unapiga depo Shule ya Polisi Moshi, ukimaliza unapangiwa popote. Utalinda benki, utapiga doria za usiku, utakaa CRO, yaani kaunta ya mapokezi ya stesheni, unaandika RB, zile namba za taarifa, za simu zilizoibiwa. Na CRO usiidharau kabisa. Pale kaunta ndo mwathirika anapokelewa kwa mara ya kwanza, na nimeshaona watu wakigeuka na kurudi nyumbani kwa sababu ya swali moja tu, "ulikuwa umevaa nini", limeulizwa kwa sauti mbele ya foleni ya watu waliokuja na mambo yao. Ukiwa wewe ndo uko kaunta siku hiyo, mtu yule hatageuka.

Wakati huo huo sema unachotaka, mwambie OCS wako, yaani mkuu wa kituo, mwambie mkuu wa dawati, omba kozi zikija na zinakuja, na ukipata nafasi ya kusoma soma sheria, ustawi wa jamii au saikolojia. Mi nilikuwa nawaambia mabinti wangu kazini kwamba huruma peke yake haifiki mahakamani, kinachofika ni jalada.

Siku yenyewe inakuwaje? Asubuhi unamfuata daktari aliyejaza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mstari mmoja tu umwombe aandike alichokiona kikamilifu, unampeleka mtoto kwa afisa ustawi wa jamii, unampigia mama aliyesema atarudi jana na hajarudi, saa nne uko kwenye korido ya mahakama umekaa na shahidi anayetetemeka, saa sita kesi inaahirishwa kwa sababu wakili wa upande wa pili hajafika, jioni unapiga simu kumkumbusha tarehe mpya na kumuuliza kama nauli anayo. Nusu ya kazi ni simu na karatasi. Kama unapenda matukio ya kwenye filamu utachoka mapema.

Kaka zako nao hawajakosea sana. Wengi wanaokuja wanataka tu mume aitwe aonywe, na kwa makosa madogo madogo sheria yenyewe inairuhusu mahakama kupatanisha watu. Ila ubakaji, ulawiti, mtu kumwagiwa maji ya moto au kukatwa panga sio mambo ya kusuluhishwa ofisini kwa kupeana mikono, na askari akichanganya hayo mawili mtu anarudi nyumbani kwenda kuuawa. Na ikitokea polisi hujapata usikate tamaa, ukisoma Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama ukawa afisa ustawi, au ukawa msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, utakutana na watu wale wale kwenye kesi zile zile.

SWALI: Afande habari za kustaafu. Mi ni konstebo, nimehamishiwa dawatini hapa kanda ya ziwa na wala sikuomba. Wenzangu wananitania wananiita "mama dawati". Akina mama wakiingia wakikuta mwanaume wananyamaza, nikiwahoji wanalia na mimi nabaki na kalamu mkononi sijui niandike nini. Niombe uhamisho au kuna namna? *Konstebo*

JIBU: Usihame kijana wangu. Utani utaisha wenyewe siku watakapoona majalada yako hayarudishwi. Na kuna watu wanakuhitaji wewe mwanaume hapo, wavulana wanalawitiwa na wanaume wazima wanapigwa, wengine wakikuta mwanamke mezani hawafungui mdomo, unafikiri watamwambia nani.

Kwa wanawake, kabla ya kitu chochote mpe nafasi ya kuchagua. Mwambie "dada, ukitaka kuongea na askari mwanamke nitamwita, sitajisikia vibaya". Wengi ukishawaambia hivyo wanasema hapana endelea tu, maana tangu alipofanyiwa ubaya ule ni mara ya kwanza mtu anamuuliza anataka nini. Vaa kiraia kama mkuu wako anaruhusu. Funga mlango lakini yeye akae karibu nao, wewe usikae kati yake na mlango. Zima simu, na mwenzako akiingia kutafuta chaja mtoe nje.

Usianze na tukio. Anza na mwili, "unaumwa wapi sasa hivi, umekula, watoto uliwaacha na nani", kwa sababu mwenye kichanga nyumbani kichwa chake kiko kwa kichanga na wewe unamuuliza saa ngapi na siku gani. Alafu mwache asimulie mara moja yote, kalamu iko chini, akilia mwache alie, usimkimbize na tishu, kaa kimya. Akimaliza ndo unamwambia sasa turudie taratibu naandika. Swali la "kwa nini" lifute kabisa, kwa nini ulikwenda, kwa nini hukupiga kelele, hayo yote anayasikia kama hukumu. Uliza "ikawaje baada ya hapo".

Sasa kuandika, maana hapo ndo kesi zinapofia. Andika maneno yake. Mtoto akikwambia "alinifanyia tabia mbaya" usimbadilishie ukaandika lugha ya sheria ambayo mtoto wa miaka tisa hawezi kuitamka, andika alivyosema, kisha muulize kwa upole alitumia nini, akakuweka wapi, ulisikia nini mwilini, na majibu hayo nayo yaandike hivyo hivyo, kwa sababu miezi mingi baadae atasimama kizimbani na wakili atayashika maelezo yako na kumsomea mstari kwa mstari akitafuta tofauti. Andika mwanga ulitoka wapi, taa, mbalamwezi, tochi ya simu. Andika anamjuaje huyo mtu na tangu lini. Andika wa kwanza kuambiwa alikuwa nani na alimtajia jina gani, mahakama zetu zinaangalia sana kama mtuhumiwa alitajwa mapema. Andika umri, na umri uwe na mtu wa kuuthibitisha, mzazi, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kwa sababu aliye chini ya miaka 18 suala la kukubali au kutokubali halipo kabisa kisheria lakini umri usipothibitishwa kesi inaanguka, na inauma sana kuona mtu anatoka gerezani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuliza mtoto kazaliwa lini.

Nguo alizovaa weka kwenye bahasha ya kaki, sio mfuko wa nailoni, nailoni inatunza unyevu na ushahidi unaoza. Andika nani kakupa, wewe umempa nani, saa ngapi, mpaka inafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwisho msomee maelezo yake yote kwa sauti ya chini, akisema hapo sikusema hivyo rekebisha, ndo asaini au aweke dole gumba.

Jambo lingine, mtoto asiyezidi miaka 14 tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 anaruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi mbele ya mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo, na ahadi hiyo iandikwe. Kuna hukumu zimetenguliwa kwenye rufaa kwa sababu ya hapo tu. Hiyo sio kazi yako ni ya hakimu, lakini wewe unaweza kumkumbusha wakili wa serikali kwenye korido, na unaweza kumpeleka mtoto aione mahakama siku haina watu, umwonyeshe hakimu anakaa wapi, yeye atasimama wapi. Umwonyeshe mahali, basi. Ukianza kumkaririsha cha kusema umeiua kesi kwa mikono yako.

SWALI: Mama shikamoo. Binti yangu wa miaka 12 alifanyiwa unyama na jirani yetu miezi mitatu sasa. Nilienda polisi nikapewa RB na PF3, hospitali wakampima. Tangu hapo familia ya yule baba inaleta wazee, wanataka kutoa hela na mbuzi yaishe, na mwenyekiti wa mtaa ananiambia nisiharibu ujirani. Mpelelezi kila nikienda anasema mtuhumiwa kakimbia nitoe nauli wakamfuate. Mimi nauza vitumbua, nauli ya askari naitoa wapi. Nimechoka mama. *Mama wa mtoto, Mbeya*

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, wewe na mtoto. Umeenda polisi, umempeleka hospitali, umekataa mbuzi, umefanya kila ambacho mzazi anatakiwa kufanya.

Hao wazee usiwape jibu lolote. Kesi hii sio yako wewe na jirani, ni ya Jamhuri, wewe na binti ni mashahidi, kwa hiyo hata ungetaka kuisamehe huna mamlaka hayo na mwenyekiti wa mtaa hana pia. Kosa hili adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Mtu anayeleta hela kufuta kosa kama hilo anaharibu ushahidi, na wewe ukiipokea watakuja kuisema mahakamani kwamba uliipika kesi upate pesa. Kila anayekuja andika jina lake, siku na alichosema, alafu peleka karatasi hiyo dawatini iingizwe kwenye jalada. Wakikutishia, hilo ni kosa jingine, ripoti siku hiyo hiyo.

Nauli ya kumkamata mtuhumiwa sio jukumu lako. Najua magari ya polisi hayana mafuta, nimekaa humo najua, lakini tatizo hilo halihamishiwi kwa mama wa vitumbua. Kesho usiende kwa mpelelezi, nenda na namba yako ya RB moja kwa moja kwa OCS, mwombe akuambie jalada liko wapi na limefikia nini. Asipokusikiliza nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Asipokusikiliza nenda ofisi ya RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, kila mkoa kuna dawati la jinsia la mkoa, ingia hapo. Kama mtu amekuomba hela waziwazi TAKUKURU wana namba ya bure 113. Na piga 116, ni bure, ni simu ya huduma kwa mtoto, wanaunganisha na afisa ustawi wa wilaya yako, mwambie aingie kwenye kesi, afisa ustawi akiuliza kwa barua jalada linaanza kutembea. Wanasheria wa bure wapo pia, TAWLA, LHRC na WLAC wanachukua kesi kama hizi, na msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kukusindikiza tu ofisini, maana ukiingia mko wawili unajibiwa tofauti na ukiingia peke yako, sio haki lakini ndo ilivyo.

Tafuta cheti cha kuzaliwa cha binti au kadi ya kliniki ukitunze. Kama nguo za siku ile bado unazo na hazijachukuliwa zipeleke. PF3 halisi inabaki kwenye jalada, wewe omba kubaki na nakala. Siku ya ushahidi binti hataongea mbele ya umati, kesi hizi ushahidi unasikilizwa faragha, mwambie hilo mapema apunguze hofu. Na asije mtu akakudanganya kwamba bila shahidi aliyeona hakuna kesi, sheria yetu ya ushahidi inaruhusu kutia hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake mahakama ikiridhika anasema kweli, na Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa. Akitiwa hatiani mkumbushe wakili wa serikali habari ya fidia, sheria inataka mbakaji aamriwe kumlipa mtoto, hakimu ndo anapanga kiasi, wengi wanaondoka bila kuiulizia.

Kwa wengine mnaosoma hapa na Mungu apishie mbali yawakute, usimwogeshe mtoto, usifue nguo, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 kwa hiyo kama hali ni mbaya au ni usiku kimbilia hospitali kwanza, polisi na PF3 vitafuata, na PF3 hailipiwi hata shilingi. Hospitali nyingine za mikoa zina kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi, ustawi na mshauri wote sehemu moja, Amana pale Ilala ni mfano, uliza kama kwenu kipo usizunguke na mtoto anavuja damu.

Mama, rudi na barua nyingine baada ya kumwona OCD, nataka kujua alichokujibu.

SWALI: Madam habari. Niko Mombasa, nafanya kazi na vijana mtaani. Sisi Kenya tuko na P3, fomu kama PF3 yenu, na gender desk, lakini je, kuna sheria inamtetea mwathirika mwenyewe ama ni kukamata mshukiwa tu? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Nzuri kaka. Kwenye hili nyie mko mbele yetu. Mna Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, inampa mwathiriwa haki ya kuambiwa kesi inaendeleaje na kutoa maoni yake mahakamani, yeye mwenyewe au kupitia wakili, mbali na ile Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Polisi wenu wameanzisha na Policare, ni mpango kama huo wetu wa mkono kwa mkono, na namba ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Hapa Tanzania Bara haki za mwathirika zimetawanyika, kidogo kwenye sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kidogo kwenye kanuni ya adhabu, kidogo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, na ile ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya 2015, askari wa dawati ndo anaziunganisha kichwani mwake. Mi naamini tunahitaji sheria moja ya waathirika na nitaendelea kulisema hilo. Vijana wako wafundishe kuomba namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, kila wanaporipoti, wasiondoke bila hiyo.

SWALI: Afande, mke wangu ni WP, askari wa kike, yuko dawatini mwaka wa nne. Siku hizi akirudi haongei, usiku anashtuka, watoto wetu hawaruhusu kwenda hata kwa mjomba wao. Nimsaidieje? *Mume, Dodoma*

JIBU: Shemeji, asante kwa kuuliza, wengi wanakuja kuuliza ndoa ikiwa imeshavunjika. Anachopitia kinawapata karibu wote waliokaa pale muda mrefu, ukisikiliza mambo ya watoto kila siku kila mjomba unamwona mtuhumiwa. Usimuulize kesi, siri za watu haruhusiwi kukusimulia na ukimbana unamuongezea mzigo. Muulize yeye mwenyewe yukoje. Kuhusu watoto msibishane mbele yao, kubalianeni nani wanaweza kwenda kwake na nani hapana, na kwa sasa msikilize yeye.

Alafu mshawishi achukue likizo yake yote, sio wiki moja, aende mbali na stesheni na simu ya kazi ibaki kwa mwenzake. Hospitali ya mkoa kuna idara ya afya ya akili, nendeni wote wawili, kwenda hapo hakumwondolei cheo. Na amwombe mkuu wake apangiwe kazi nyingine kwa muda, miezi sita ya CRO au ya masjala, akitaka arudi dawatini baadae. Mi nilifanya hivyo mara mbili na nikarudi.